Mwimbaji wa "Nisubiri Kwasadala" Aliyenyamaza Nyumbani Kwake

Baba yetu Sifael, mwaka umekatika tangu utuache asubuhi ile, ukiwa umeshakata majani ya ng'ombe na kuyatua mlangoni pa zizi. Mpaka leo ng'ombe wakisikia mtu anakohoa mgombani wanageuza shingo. Nasi ni vivyo hivyo.

Hukuweza kumpita mtu bila kumsalimia na kumuuliza hali ya mama yake, hata kama mama mwenyewe humjui. Maziwa ya jioni yalikuwa hayalali nyumbani. Chupa moja kwa mwalimu Priska, nyingine kwa yeyote aliyekuwa mgonjwa. Kahawa uliipogolea mwenyewe, na aliyekosea tawi alipewa hotuba ndefu kuliko ya mchungaji.

Vijana wa kwaya uliowafundisha walikataa kuamini kwamba wewe ndiye uliyeimba "Nisubiri Kwasadala". Mwaka 1976 mlikuwa vijana wanne mliojiita Masama Nne, mmetoka kwaya ya usharika mkanogewa na muziki wa soul. Mlikwenda Nairobi na gitaa moja, mkarudi na santuri yenu ya kwanza. Wimbo ulimtungia Mama, Valeria, akiwa bado mchumba wako. Pale Moshi mjini ulipigwa kila baa, na hata wazee wa kanisa walikutwa wakiupigia mluzi. Mama anakiri kwamba alivimba kichwa.

Mkaoana. Kisha bibi yetu, mama mzazi wa Mama, akafariki, nawe uko Tanga kwenye maonyesho. Ulipelekewa simu ya maandishi, ukajibu kwamba siku ya mazishi utakuwepo. Mama alisimama pale Kwasadala, kituo cha kushukia kwetu, tangu asubuhi, akiangalia kila basi, huku wazee wakichelewesha mazishi kwa ajili yako, mkwe wao wa pekee. Kumbe mmeongezewa onyesho. Ulifika siku ya tatu yake. Mama hakupiga kelele. Alisema tu, "Huo wimbo usiimbwe tena kwangu."

Uliacha kundi, ukarudi shambani, ukalitii neno hilo maisha yako yote. Hata ng'ombe hukuwaimbia. Mama alikusamehe zamani sana, pengine kabla mwaka ule haujaisha, ila neno lake hakulifuta, alidhani unajua. Na wewe kwa adabu zako zilizopitiliza hukumuuliza. Hilo ndilo limemtesa mwaka huu mzima. "Amekufa akidhani bado nimemkasirikia," anatuambia. Anakukumbuka sana, Baba. Mezani bado anakutengea kiti.

Juzi, tulipopanda wote nyumbani kwa Krismasi, Mama alikata jani la isale, akalipiga fundo kama anavyofanya kwetu mtu anayeomba msamaha, ombi ambalo halikataliwi. Akaenda nalo kaburini kwako. Alikuwa amemwita Mzee Yakobo kutoka Sanya Juu, ndiye pekee aliyebaki katika wale wanne.

"Baba Anaeli, nisamehe," Mama akasema. "Nilikufunga mdomo, nikasahau kukufungua."

Kisha akamgeukia Yakobo. "Shemeji, anza."

Mzee Yakobo akaanza kwa besi yake, ambayo sasa inatetemeka. Alipofika mahali pa sauti yako alinyamaza, akaiacha nafasi yako wazi. Tuliinamisha vichwa. Hapo Mama akaingia.

Tulikuwa hatujawahi kumsikia akiimba kitu nje ya kitabu cha nyimbo za kanisa. Aliimba beti zote, Baba, hakukosea hata neno moja.

Unakumbukwa na mkeo Valeria, wanao Anaeli, Dainess na Godbless, wakwe zako, wajukuu zako wote, akiwemo Goodness aliyezaliwa baada yako, Mzee Yakobo, na wanakwaya wako wa Masama.

Tutakukumbuka siku zote tutakazojaliwa kuishi.