Keji na Beji ya Kambi

Baba Poni wangu,

Leo nimeshona beji ya kambi kwenye shati la Keji, yule mjukuu wa jirani yetu hapa Kator. Nimeona nikuambie wewe kwanza, kwa sababu sharti la beji hiyo ulilitetea wewe, na mimi ndiye niliyeambiwa niamue kama libaki.

Unakumbuka siku ile kwenye uwanja wa kanisa? Uliwaambia maskauti wako kwamba anayetaka beji ya kambi lazima alale hemani siku tatu. Keji akanyoosha mkono.

"Baba Poni, mimi nililala kwenye hema Uganda tangu nizaliwe mpaka tuliporudi. Siku tatu bado hazijatimia?"

Watoto walicheka hadi wakakaa chini. Hata wewe ulicheka, lakini hukumpa. Jioni, ukivua viatu, uliniambia, "Mama Poni, beji si pole. Nikimpa mmoja kwa sababu aliteseka, itabidi niigawie Juba nzima." Niliona nyote wawili mna haki.

Kisha ukatutoka. Taban, kijana uliyemfundisha kufunga kamba, akachukua kikosi chako. Mwezi uliopita Keji alimwambia kalas, imetosha, anaacha skauti. Wenzake wote wamevaa beji ile, na yeye kulala hemani tena hataki, hata abembelezwe vipi. Taban akaja kwangu.

"Mama, nataka kubadilisha sharti. Lakini ni la mzee. Yeye angesemaje?"

Nilimpa chai. Kugusa neno lako niliona kama kukuzika mara ya pili. Na kumwacha Keji aende zake pia nisingeweza.

Alipoondoka, nikiwa naosha kikombe chake, nikakumbuka mkeka wako. Kila ulipopeleka watoto kambini nilikufungia mkeka ule, na kila mara ulirudi na majivu. "Nalala nje karibu na moto, nawalinda watoto," ulikuwa ukisema, nami nikaamini. Lakini si mimi niliyekuwa nawe kule Uganda kwenye kambi ya wakimbizi, upepo ulipopasua turubai letu? Wewe ulishika mti wa katikati mpaka kukacha, mimi nimemfunika Poni kwa mwili wangu. Tangu turudi Juba hukulala chini ya turubai hata mara moja. Wewe pia, Baba Poni! Kiongozi mzima, na beji ya kambi usingeipata!

Nilicheka peke yangu, nikalia kidogo, halafu nikampigia Taban simu.

Sasa sharti ni hili: mtoto asimamishe hema linalostahimili upepo, na amfundishe mwenzake asiyejua. Alale ndani au alale kando yake, ni hiari yake. Hiyo si pole. Hiyo ni kazi, na nadhani ungeikubali.

Jumamosi Keji alipewa wavulana wawili wa mtaa wa Buluk awafundishe. Alipoona vigingi vyao akashika kiuno. "Hapa mnafunga mbuzi? Kilazeni kigingi, kichwa kiangalie nje!"

"Wewe hulali hata ndani, unatufundisha nini?" mmoja akamjibu.

Upepo ukaja, hema likawaangukia wote wawili. "Malesh, poleni, wazee wangu, nyumba imewakataa," alisema Keji, akawatoa huku akicheka, akaanza nao upya, kamba kwa kamba. La pili lilisimama mpaka asubuhi. Wavulana walilala ndani. Yeye alilala nje karibu na moto, kwenye mkeka wako. Nilimwazima mimi.

Moyo wangu umetua. Mkeka umerudi na majivu, kama zamani. Nimeukung'uta mlangoni, nimeukunja, nimeuweka pale pale ulipokuwa ukiuchukua, kwa sababu Keji ameshaniuliza kama kambi ijayo nitampa tena.

Pumzika, baba. Watoto wako salama.

Mkeo,
Mama Poni