Kopi Amezidi Kimo

Singapuri, 14 Juni. Asubuhi mvua.

Dada Swee Choo,

Mama amemaliza biskuti ulizotuma. Leo afisa wa nyumba za serikali alikuja kumpima Kopi, maana mbwa mkubwa haruhusiwi humu ghorofani. Nilikuwa nimemzoesha Kopi kujikunyata. Mama, na usahaulifu wake, akadhani ni kliniki ya watoto, akapiga makofi.

"Simama wima, mjukuu wangu! Mwonyeshe mjomba ulivyokua!"

Kopi akasimama. Alizidi kipimo kwa vidole viwili.

"Bibi, aondoke kabla ya Jumapili," afisa aliniambia, macho chini.

Mama akaninong'oneza, "Amefaulu?"

Najua shemeji hapendi mbwa, ila sina mwingine wa kumwomba amchukue Kopi.

Mdogo wako,
Swee Lian

Mama amelala saa saba usiku, amemkumbatia Kopi.