Tangazo la Kifo cha Baba Mdogo

Nyuma ya soko,
Koboko, West Nile,
Uganda.
19 Agosti 2025

Mpendwa dada Kiden,

Kwa niaba ya ukoo mzima, na kwa majonzi yasiyopimika, natangaza kifo cha ghafla cha kofia yangu ya kijani, kilichotokea barabara ya Vurra pale lori la mbao lilipotupita na upepo wake ukaitupa upande wa Kongo. Marehemu ameacha kipara kimoja. Habari hizi ziwafikie jamaa walioko Mvara, walioko Kuluva, na wewe uliyeko Mombasa. Maziko hayatakuwepo, kwa sababu marehemu hana kibali cha kurudi.

Sasa nikusalimu kama mtu. Hujambo? Watoto hawajambo? Shemeji na goti lake wanaendeleaje, bado wanatabiri mvua? Sisi huku tu wazima, isipokuwa mahali ambapo si wazima, na huko nitafika. Muhogo umekubali mwaka huu. Mvua inakuja ikitaka, kama fundi wa bomba. Mama anakusalimu na anauliza kwa nini umenenepa kwenye picha. Nimemwambia ni simu.

Katika barua yako uliuliza kama baba mdogo Lokule bado anapiga nyimbo zake za zamani redioni kila Jumapili alasiri. Jibu fupi ni hapana. Jibu refu ndilo barua hii, kwa hiyo weka chai karibu.

Ile redio ya Arua usingeitambua. Mwenye redio amezeeka, kamwachia mwanawe Andama, aliyesomea biashara Kampala akarudi na miwani. Asubuhi kuna nabii anauza maji. Mchana kuna vijana wawili wanaocheka. Hawasemi kitu, dada, wanacheka tu, halafu wanasoma ubashiri wa mechi za Ulaya, halafu wanacheka tena. Habari wanazisoma kutoka kwenye simu, na simu hiyo ikipigwa katikati ya habari, wanapokea, nasi sote tunasikia kwamba mtu fulani yuko njiani analeta chapati. Matangazo ya vifo, ambayo zamani yalisomwa polepole kama watu wanaoshusha jeneza, sasa yanasomwa na disko chini yake. Mama mmoja wa Mvara alitangazwa hivyo mwezi wa sita. Watu walilisifu tangazo lake. Walisema linachezeka.

Unakumbuka baba mdogo alivyokuwa. Alikuwa akitoka hapa kila Jumamosi na santuri zake ndani ya lile sanduku la bati la jeshi la babu, akalala Arua, na Jumapili akakaa kwenye maikrofoni kama askofu kwenye kiti chake. Kabla ya kila wimbo alitaja watu kwa jina, kwa jina la baba, kwa kijiji, na kwa kitu walichokuwa wanadaiwa kukifanya utotoni. Salamu zilikuwa ndefu kuliko wimbo. Magitaa ya Kongo yakianza, hata wanawake waliokuwa wanagombana kisimani waliahirisha. Wewe mwenyewe ulichumbiwa kwa salamu zake, na shemeji, mtu mwenye subira, hajawahi kulalamika hadharani.

Basi mwezi wa saba Andama akamwita. Nilimsindikiza kumbebea sanduku, kwa hiyo haya nimeyasikia kwa masikio yangu.

"Mzee," Andama akamwambia, bila hata kumpa kiti, "saa yako nimempa nabii. Wasikilizaji wako wamekwisha. Mimi mwenyewe nawasoma kila jioni kwenye matangazo ya vifo."

"Watu yangu iko," baba mdogo akasema. "Koboko iko, Yumbe iko, mpaka Aru kule Kongo iko."

"Iko wapi? Hakuna mutu anapiga simu."

"Hawapigi simu kwa sababu wanasikiliza."

Nikadhani hapo ameshinda. Lakini Andama akacheka, na wale vijana wawili ndani ya studio nao wakacheka bila kujua sababu, maana ndiyo kazi yao.

Hapo baba mdogo akafanya kosa ambalo ni mtu wa huku kwetu tu angeweza kulifanya. Unatujua. Kwetu mtu anapimwa kwa waliokuja kumzika. Mtu asiyekuja harusini kwako atakuja matangani, atapanda juu ya gunia la mkaa kutoka Vurra, ilimradi amesikia tangazo redioni. Asiposikia, utazikwa na majirani, na majirani hawahesabiki, kwa sababu wangekuja hata kwa ajili ya chakula tu.

"Tangaza kwamba nimekufa," akasema. "Jumapili, saa yangu ileile. Sema maziko ni Jumatatu. Halafu njoo Koboko utafute mahali pa kusimama."

Andama akavua miwani. "Uwanja ukijaa?"

"Unanirudishia saa yangu."

"Usipojaa?"

"Hutaniona hapa tena."

Wakapeana mikono. Nilijaribu kukohoa, lakini kikohozi changu hakijawahi kumzuia mtu wa ukoo huu kufanya upumbavu. Angalia ukoo wenyewe.

Mke wake Margarita aliposikia, aliweka chini ungo wa mchele. "Lokule, hiyo unaita kitu kibaya."

"Sifi, mama. Natangazwa tu."

"Na hao watu wako wakifika watakula nini? Salamu?"

Alibisha kutwa nzima, kisha akakubali, kwa sababu aibu ya kufa uongo ni ndogo kuliko aibu ya wageni kulala njaa. Akaazima sufuria kubwa za chama chetu cha kuzikana, akachinja mbuzi, akatandika turubai. Sharti lake likawa moja: ndani ya ua huo asisikie mtu tangazo lile. Mtu akisikia akitajwa miongoni mwa wafu, alisema, ni kama ameitwa akaitika. Akazifunga redio za nyumba kwenye kitenge akazilalia mwenyewe. Baba mdogo hakubisha. Ni mtu wa redio, lakini ni Mkakwa kwanza, na mila ya kabila letu anaiogopa.

Jumapili ikapita kimya. Jumatatu baba mdogo alivaa suti ile ya harusi ya ndugu yetu Swaibu, akakaa nyuma ya pazia la mlango. Mpango ulikuwa asubiri uwanja ujae, vilio vipande, kisha atoke. Alikuwa na hotuba. Alikuwa amechagua hata wimbo. Mimi nilipanga viti, na kwa kuwa ni mtu wa kujiamini nilipanga hata vile vya kanisani.

Wa kwanza kufika alikuwa Swaka, mwenyekiti wa chama cha kuzikana. Alisimama katikati ya viti vitupu, akazungusha macho.

"Nani alikufa hapa?"

Pazia ndilo lililojibu: "Mimi."

"Lokule? Aa, pole sana. Sasa hizi sufuria zinarudi saa ngapi? Kwa kina Yangi iko msiba ya kweli."

Margarita akamwambia jioni. Swaka akashukuru, akala mnofu mmoja akiwa amesimama, akaenda zake kwenye msiba wa kweli.

Tukakaa. Jua likapanda, kivuli cha turubai kikahama, nami nikahamisha viti kukifuata, kana kwamba vilikuwa na watu. Ndipo simu ya baba mdogo ikalia. Alikuwa shangazi Helen, dada yake, wa Kuluva, yule anayetuapia kila Krismasi kwamba hajawahi kukosa kipindi cha mdogo wake. Baba mdogo alisahau kwamba amekufa, akapokea mwenyewe, na sauti ya shangazi unaijua, haihitaji simu.

"Lokule! Ile mbegu ya muhogo uliniahidi iko wapi?"

"Dada," akasema polepole, "wewe hujasikia kitu?"

"Kitu gani?"

"Kwenye redio."

"Redio gani? Ile kubwa ulinipa? Nilitoa vyuma vyake zamani. Kuku wanataga humo, tena vizuri."

Akamwambia mbegu itafika. Akakata simu, akalinyoosha pazia, kwa sababu lilikuwa na mkunjo.

Andama alifika baada ya adhuhuri na gari safi. Alitembea kati ya viti akigusa migongo yake kwa vidole, kimoja kimoja, kama anayebariki. Kisha baba mdogo akatoka. Hotuba hakuitoa. Alimfuata na suti yake, akampa mkono.

"Pole kwa msiba, mzee," Andama akasema.

"Asante kwa kuja," baba mdogo akajibu.

Nami nikafikiri, huyu kijana ndiye mwombolezaji pekee aliyekuja akijua amekuja kwa nani. Alikula. Akaomba mchuzi zaidi. Nyama iliyobaki ilikuwa nyingi, na mbwa wote wa Koboko walihudhuria. Hao hawajawahi kusubiri tangazo.

Sasa nikwambie hali ilivyo, maana huko nyuma nilikuahidi. Baba mdogo hali chakula. Anakata tonge, analizungusha, analirudisha. Haendi sokoni, kwa sababu alipokwenda kila mtu alimsalimia kama kawaida, na kila salamu ilimchoma. Alitaka angalau mmoja aruke kwa woga. Hata muuza mkaa, mlevi anayeona mashetani kila Ijumaa, alimwamkia vizuri tu. Margarita ameona santuri hazina kazi, anafunikia mitungi ya maji. Zinafunika vizuri, na lile tundu la katikati anasema linaingiza hewa. Baba mdogo anazitazama na hasemi kitu. Mtu aliyekuwa hawezi kuomba chumvi bila kumtaja baba wa mwenye chumvi!

Nimemcheka, dada, sikufichi. Nimewasimulia watu mpaka Mvara, na pale kwenye pazia huwa naigiza. Lakini juzi nilipita nyuma ya nyumba nikamkuta ameketi kwenye lile sanduku la bati, anataja watu. Jina, jina la baba, kijiji. Anataja mmoja, ananyamaza kwa muda wa kama wimbo mzima, kisha anataja mwingine. Wengi wao kweli tumewazika. Nilisimama pale mpaka akafika kwako, "Stella Kiden, binti wa kaka yangu, huko Mombasa," halafu nikaondoka kwa ncha za vidole. Hiyo sijamsimulia mtu.

Ndiyo maana naandika, wala si kwa ajili ya kofia. Nakuomba umpigie. Sema mtu wa Koboko alikupa habari kwamba redio imemtangaza, kwamba ulilia, kwamba Wakakwa wote wa Mombasa mlikusanyika nyumbani kwako mkakaa chini. Ongeza watu, usibane, nusu ya pwani ukitaka. Kisha shangaa kwamba yu hai, na umwombe wimbo. Tangu utoto una kipaji cha kulia bila machozi. Uliniletea viboko vingi kwa kipaji hicho, sasa kilipie. Namwona anapungua, na daktari wa Kuluva hana dawa ya mtu aliyekosa watu kwenye maziko yake.

Usimwambie Margarita. Atasema tunaita kitu.

Barua hii anakuletea Swadiki, anayepeleka lori la tumbaku bandarini. Nimempa pia furushi la samaki wa angara na karanga za kusaga. Akikwambia lilikuwa dogo tangu mwanzo, mtazame kitambi.

Nisalimie shemeji na goti lake, watoto kwa umri wao, na yule jirani yako wa Yumbe anayejifanya hatujui. Mama anakusalimu, Swaibu anakusalimu, shangazi Helen anakusalimu pamoja na kuku wake. Mungu akulinde na joto la huko, akupe usingizi na majirani wenye redio ndogo.

Ni mimi ndugu yako akupendaye, hata pale usiponijibu,

Pitia

N.B. Nilikuwa nimekwisha kubandika bahasha, nimeifungua tena. Fundi wa mitambo ya ile redio amepita hapa sasa hivi. Anasema jenereta ya mnara iliishiwa mafuta Jumamosi ile ya kabla ya tangazo, na redio haikusikika popote mpaka Jumatano. Tangazo lilisomwa studio tu, halikutoka. Andama mwenyewe alijua hiyo Jumatano. Siku zote hizo hakuna mtu aliyepiga simu kuuliza redio imenyamaza kwa nini.