Puli Ndogo ya Meshack

Malangali, Sumbawanga
Alhamisi, 16 Juni 1994

Kaka Oswaldi, shikamoo.

Huku hatujambo. Baridi imekaza, mahindi yamekauka vizuri, na Angela ameng'oka meno mawili ya mbele, anacheka kama bibi.

Mashine uliyotufungia bado inasaga. Tangu Sayi afungue yake ng'ambo ya barabara, foleni yote ilihamia kwake, basi shemeji yako Meshack akaamua kushindana. Ile puli kubwa, gurudumu la mkanda uliloliweka upande wa kinu, ameitoa, kaweka ndogo ili kizunguke haraka zaidi. Nilimkumbusha ulivyotukataza kuigusa. Akasema wewe uko Mbeya, wateja wako huku.

Kweli, wateja wamerudi. Unga unatoka laini kama poda. Ila mashine sasa inalia mlio mkali hata kuku wameuhama uwanja.

Juzi nyundo moja ya ndani, zile za kuponda nafaka, ilikatika, ikatoboa bati la kinu na kuzama ukutani, usawa wa kifua changu. Nilikuwa nimeinama kufunga gunia. Meshack amechomelea kiraka, ukutani akaziba kwa udongo, akaniambia nisimwambie mtu. Puli hajaibadilisha.

Jumamosi mama anakuja kutoka Kate kusaga kimea cha ulezi cha pombe ya harusi. Unamjua, habanduki pale mdomoni mwa mashine mpaka aupime unga kwa vidole vyake. Nimemkanya kwa salamu mbili, anasema naringa.

Meshack anakusikiliza wewe tu. Barua hii naituma kwa basi la leo; ukiipata, usijibu. Panda gari uje.

Mdogo wako,
Bertila