Mwangaluka ya Jioni

Mjukuu wangu Zawadi,

Marahaba. Bibi yako hajambo, ila goti. Unasema huko kwenye mji wa viwanda hakuna akujuaye, umechoka, unataka kurudi. Unauliza mimi nilizoeaje Mwanza.

Nilitoka Mombasa kufanya kazi kiwanda cha samaki. Jioni moja, hoi, nikawasalimia wauza dagaa wa soko la Kirumba kwa Kisukuma changu cha kubahatisha: "Mwangaluka!" Kumbe hiyo ni salamu ya asubuhi.

"Mkenya, ndiyo unaamka?" Walicheka hao!

Mwezi uliofuata nikafunga begi niondoke. Wakaniona napita nalo.

"We Mwangaluka, unakwenda wapi? Nani atatuamsha jioni?"

Nikarudi chumbani. Mji sikuuzoea, mjukuu wangu. Wenyewe ndio ulinizoea.

Wewe huko umeshakosea salamu?

Babu yako,
Mwangaluka