Nikilala, Nitalia?

Jumatatu, 10 Juni 2024
Nimerudi Kilosa asubuhi kutoka kwa mama yangu kule Mikumi, hata chai sijanywa, nikaingia theatre. Mgonjwa wa kwanza Yusrah, wa miaka mitano, wa kutolewa mafindofindo. Mama yake kamwambia wanakuja kupima uzito tu. Na mimi nikadakia — eeh mrembo, uzito tu! Wodini ndivyo tunavyosema wauguzi wote. Mlango ulipofunguka akaona makofia yetu na barakoa... Loo! Makelele yale! Tulimshikilia kwa nguvu mpaka dawa ya usingizi ikamkolea. Huruma sana.

Alipozinduka akanitolea macho. Muongo wewe, akasema. Nikacheka, lakini limenichoma. Kuanzia leo, mimi na mtoto, uongo basi.

Jumanne, 11 Juni
Kapokelewa Kaelo, darasa la pili, mtoto wa wafugaji wa huko bondeni Kilangali. Ngiri, utumbo unatokeza kinenani. Wiki iliyopita ilijinyonga, ikarudi ndani kwa bahati. Safari nyingine huenda isirudi, na utumbo ukioza hapo tutakuwa tunazungumza mengine. Kaja na baba yake, mzee Lekishon. Mtoto kaniinamishia kichwa nimguse — ndiyo shikamoo yao.

Nikamchoma sindano. Kimya! Hata kope hakupepesa. Dokta Onesphory kafurahi: huyu dume, hatusumbui. Baba mtu akajibu kwamba kwao mwanaume halii mbele ya kisu.

Lakini nimemshika mkono kupima mapigo. Moyo unakwenda mbio ajabu. Mtoto kimya, vidole vya baridi. Kumbe tunachokisifu ni woga!

Jumatano, 12 Juni
Kaelo kagoma. Tena kistaarabu kabisa, amekaa kitandani na kishuka chake. Nusu kaputi hataki. Anasema nikateni hivi hivi, nikiwa macho.

Dokta kacheka. Mimi nikavuta kiti. Unaogopa kisu? Hapana. Unaogopa hutaamka? Hapana. Kidogo kidogo akanong'ona: akiwa macho anaweza kujibana asilie. "Nikilala, nani atanishikia mdomo?"

Mungu wangu. Miaka yote hii nawaambia watoto "utalala tu, hutasikia kitu" nikidhani nawapoza. Kumbe kwa huyu kulala ndiko kubaya!

Akauliza: nikilala, nitalia? Ulimi ukataka kusema hulii, baba. Nikamkumbuka Yusrah. Nikamwambia kweli — wakati wa kukatwa, hapana. Wakati wa kuzinduka wengine hulia, hata watu wazima, hata mabaunsa wa stendi ya Msamvu. Dawa ndiyo inayowaliza. Wewe sijui.

Akageukia ukutani. Dokta kanijia juu: Loveth, umemharibu mgonjwa! Mzee Lekishon akaanza kukunja vitu vyao, wanarudi nyumbani. Nikaogopa sana. Ngiri ikijinyonga huko porini, barabara ile, usafiri wenyewe bodaboda — nani atabeba lawama? Nikamweleza mzee yote, hata lile la kushikiwa mdomo. Akaviacha vitu. Akaketi na mwanawe, wakaongea Kimaasai muda mrefu. Sikuelewa neno.

Jioni Kaelo akaniita. Atalala. Ila nina kazi moja: akizinduka, mimi nimwambie kama alilia. Mimi, siyo baba. "Baba ananipenda. Atanidanganya."

Nikakubali. Ningefanyaje?

Alhamisi, 13 Juni
Imekwenda salama. Ngiri imeshonwa, damu kidogo, Dokta anapiga mluzi. Kaelo aliingia kwa miguu yake, akalala akinitazama mimi.

Naandika huku nimekaa pembeni yake, chumba cha kuzindukia. Amelia. Jamani, amelia! Si kilio cha kitoto — cha kutoka tumboni. Yeyo! Yeyo! Anamwita mama yake. Korido nzima imesikia. Mzee Lekishon kaingia bila kubisha, sikumzuia. Kachukua pindo la shuka lake, kamfuta machozi taratibu, shavu hili, shavu lile, mpaka uso umekauka kabisa. Pua pia. Machozi yake mwenyewe hakuyafuta.

Nimeona haya kutazama, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Sasa ametulia. Anafumbua macho. Anajishika shavu.

Kauliza, sauti imekauka: Sista, nililia?

Mzee ananitazama. Anatikisa kichwa polepole — usiseme. Kaelo hamwoni baba yake. Ananitazama mimi tu. Naweka kalamu; niliahidi.