Mcheza Ngoma wa Kujitupa Chini

Pius mjukuu wangu, hujambo? Huku Majimoto mimi mzima, shangazi yako ndiye ananiandikia. Jana kwenye ngoma ya mavuno, Mmarekani mweusi aliyekuja kujifunza ngoma zetu alijitupa chini, akazunguka kwa mgongo kama pia. Nikakimbia kumshika, nikidhani kifafa.

"Bibi, niache, mimi nacheza!"

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Anasema kwao New York vijana wenye ugomvi huingia duarani wakashindana hivyo. Anayemgusa mwenzake ameshindwa.

Wewe na Yohana wa jirani mmepigana fimbo vya kutosha. Nikirudi Mpanda nafagia uwanja, mtacheza mbele yangu. Hiyo fimbo yako ipikie maharage, ule ushibe, mume wangu. Nataka nikukute na meno yote.

Bibi yako